Munyoki Dizeli na Jenereta ya Mama Mkwe

Tarehe 30 Juni, Bwana Elijah Munyoki anatuaga baada ya miaka ishirini na sita ya kuuza na kutengeneza jenereta katika duka letu hapa Ukunda. Mimi, Twaiba wa kaunta, nimepewa kazi ya kumsifu na nimeonywa nisimtanie. Hilo la pili limenishinda, mniwie radhi.

Wengi wenu mnamjua kwa jina la Dizeli. Mteja akitaka ushauri wa jenereta ya nyumbani, Munyoki alikuwa na jibu kabla swali halijaisha. Petroli, alisema, ikilala tangini inachacha, na siku ya shida mashine inakohoa tu. Gesi ni ya kuchemshia maharagwe. Dizeli ndiyo inayoijua kazi! Mtu alikuja kutafuta kimashine cha kuwashia televisheni, akaondoka na dude la kubebwa na wanaume wanne. Mama mmoja wa Tiwi mwenye nyumba za kupangisha alirudi akilalamika kwamba wageni hawalali kwa ngurumo. Munyoki akamjibu kwa adabu zake zote kwamba hata bahari inanguruma, na wageni wameilipia. Yule mama alicheka mpaka akasahau alichokuja kudai.

Haki yake tumpe, lakini. Pampu ya kisima ilipozimika kule Kinango wakati wa kiangazi, alikwenda siku yake ya mapumziko, na hakurudi mpaka ng'ombe walipokunywa maji.

Mwaka juzi mama mkwe wake, Mama Mbithe, alihamia kwake Shimba Hills. Kifua chake kilikuwa kimedhoofu, akawa anapumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine hiyo bila umeme ni sanduku tu. Jenereta ikawa lazima. Dizeli akanunua nini? Dizeli! Akaifunga nje, upande wa chumba cha mama, kabla mama hajafika. Alipofika, Munyoki hakukanyaga tena upande ule. Wakamba wana nthoni, yaani haya kati ya mtu na mama mkwe wake: hawaketi pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia hata kichakani kumpisha mwenzake.

Mchana mmoja wa masika, umeme ukakatika. Betri ya jenereta ilikuwa imekufa, ikabidi izungushwe kwa mkono, na mkewe Kavenya hakuiweza. Mama ameketi pale pale kibarazani, kando ya jenereta, mtungi wa oksijeni ya akiba unaelekea kwisha. Na fundi wetu, anayesifiwa Kwale nzima, amesimama nyuma ya migomba akipiga kelele: zungusha, achia, zungusha tena! Maskini, kila akitusimulia jasho humtoka upya. Mama alipochoka kusikiliza, akaita kwa sauti iliyombakia kwamba mkwe wake na aje, kuoneana haya ni kwa walio na pumzi.

Munyoki akaenda, kichwa chini, akaizungusha, ikawaka. Wiki ile ile aliiuza, akafunga ya gesi, ya kuwashwa kwa kitufe, yenye sauti ya chini, ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuiwasha. Lo, tulimcheka! Tangu hapo mteja akija, Munyoki humuuliza kwanza ni nani atakuwa nyumbani umeme ukipotea, ndipo wazungumze habari za mafuta.

Mzee wetu, ahsante kwa mikono yako, kwa ubishi wako, na kwa chai uliyotuchemshia kila asubuhi bila kuombwa. Tutakukosa sana, na mimi nitalia, nimeshajijua. Mungu akupe afya, na nyumba yako isikose kheri. Kavenya ametuambia kwamba mama anakijua kitufe vizuri sana. Lakini siku hizi umeme ukikatika na wewe upo, hakigusi. Huwa anakuita wewe, uje ukae naye.

Nenda nyumbani, Mzee Munyoki. Unaitwa.