Historia ya Marehemu Enoko Rigzin, Fundi Aliyeacha Kutoboa Mapaa

Wapendwa waombolezaji, familia inamweleza Enoko kama alivyokuwa, maana kumpamba asingependa, na wengi wenu mlimjua.

Marehemu Enoko Rigzin alizaliwa hapa Leh, mji wetu wa milimani, tarehe 14 Oktoba 1958, mtoto wa tatu wa Bwana Yonathani Paljor na Bibi Sara Lhamo, mwaka ambao theluji iliwahi kabla shayiri haijaingia ghalani, na mama yake hakuacha kumkumbusha jambo hilo, kana kwamba aliileta yeye. Alibatizwa katika kanisa hili hili, akasoma shule ya misheni kuanzia 1965 hadi 1973, akaishia darasa la nane, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa kutulia, kwani kila kipindi alikuwa juu ya paa, na mwalimu alichoka kutuma watu wamteremshe.

Mwaka 1976 alipata kibarua kwenye ujenzi wa barabara, akajifunza kuunga vyuma na nyaya, na tarehe 2 Juni 1984 alifunga ndoa na Deskyong wa Khalatse, mwanamke mvumilivu kuliko Enoko alivyostahili, wakajaliwa watoto wawili, Rut na Stanzin.

Mwaka 2008 alifungua karakana ya sola, na hapa kuna jambo ambalo baadhi yenu mmekuja kuona kama tutaliruka. Hatuliruki. Septemba 2009 alifunga paneli sita juu ya paa la jirani yetu Bibi Kunzes, mjane, na kwa kuogopa upepo akafanya kama alivyoona kwenye mapaa ya zege, akatoboa matundu ishirini na manne, akapitisha bolti kwenye tabaka za udongo wa mfinyanzi, majani makavu na fito za mierebi hadi kwenye boriti za mti wa mpopla, akaziba kwa lami, akanywa chai ya siagi, akaenda zake. Paneli hazikutikisika. Lakini lami hupasuka kwa baridi yetu, theluji ikayeyukia matunduni, majani yaliyowekwa kuzuia baridi yakanywa maji mwaka hadi mwaka bila mtu kujua, boriti zikaoza, na asubuhi ya tarehe 19 Aprili 2012 paa liliangukia jikoni, likamvunja Bibi Kunzes nyonga akiwa anakoroga unga wa shayiri.

Mafundi wenzake walimshauri asingizie uzee wa nyumba, lakini yeye alikwenda hospitali, akasimama mlangoni, akasema, "Bibi, ni matundu yangu."

Bibi Kunzes akamjibu, "Najua, nimelala chini yake. Hutapanda tena juu ya kichwa changu."

Paa lilipojengwa upya, Enoko alileta boriti na udongo, akawapokeza watu wa juu akiwa chini ya ngazi, maana aliambiwa asipande, naye hakupanda. Kisha akashusha paneli za nyumbani kwake mwenyewe, akasema hatawasha taa ya sola mpaka Bibi Kunzes awashe yake, na Deskyong akapika kwa taa ya mafuta majira saba ya baridi, bila kuulizwa maoni.

Tangu hapo hakutoboa paa la mtu. Alilaza fremu ndefu kutoka ukuta hadi ukuta, ili uzito ubebwe na kuta na si katikati ya boriti, akaweka mpira wa tairi kuukuu chini ya kila mguu usikate udongo, akaunganisha fremu zote ziwe kitu kimoja, na kila mwisho akaweka sanduku la chuma lililojaa mawe ya mtoni, aliyoyapima kwenye mzani. Watu waliyaita masanduku hayo majeneza, na mwenye hoteli mmoja akamuuliza anamzika nani pale juu, Enoko akasema, "Upepo."

Mei 2019 dhoruba iling'oa paneli mtaa mzima, alizofunga Enoko zikabaki, na tarehe 3 Juni Bibi Kunzes alifika karakana na fimbo yake, akasema, "Wewe mwenye majeneza, njoo upime kuta zangu. Ukitoboa, nitasikia." Enoko alifanya kazi siku nne, na siku ya nne taa ziliwaka nyumba mbili.

Novemba 2022 alianza kuugua kifua, akalazwa mara tatu, akarudi nyumbani, na hata kitandani alimtuma Rut akahesabu mawe ya Bibi Kunzes, Rut akaleta hesabu ya mia mbili na nane, yeye akasema ni mia mbili na tisa, akamrudisha, na kweli moja lilikuwa limeangukia nyuma ya fremu. Alifariki tarehe 27 Februari 2024, akiwa na miaka sitini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa dini zote mlioleta kuni na aprikoti, mafundi wenzake, na vijana waliowasha moto siku mbili kulainisha ardhi ya kaburi iliyoganda. Tunakushukuru nawe, Bibi Kunzes, uliyetembea na nyonga hiyo, ukiwa na jiwe la paa lako chini ya shali ili uliweke kaburini. Lirudishe, Bibi, upepo wa Aprili unakuja, na marehemu angehesabu mia mbili na nane. Rut atalipandisha.

Nawe Enoko, mawe yametimia. Teremka sasa, upumzike kwa amani.