Sabuni ya Mihayo na Sauti ya Limi

Baba Paroko, majirani wa Kambarage, na ninyi mliotoka Samuye na Geita, huyu tunayemsindikiza ni Mihayo Makoye, Baba Violeth, aliyezaliwa Samuye tarehe 12 Machi 1952, akasoma huko hadi darasa la saba, na mwaka 1973 akafungua kibanda cha kutengeneza redio hapa Kambarage.

Tarehe 7 Oktoba 1978 alifunga ndoa na Limi, mwimbaji wa kwaya, wakajaliwa Violeth na Edson. Limi alifariki tarehe 4 Juni 2011, akaacha sauti yake kwenye kanda moja tu ya magurudumu, na mashine pekee ya kuichezesha, ile kuukuu ya parokia, ilikuwa imevunjika soketi ya umeme, ya pini tatu nyembamba zisizoonekana dukani. Kuunga waya mtupu Mihayo alikataa, kwani mwaka 1989 alifanya hivyo kwenye amplifaya ya jirani, bati lake la nje likashika umeme, jirani akarushwa hadi kwenye chungu cha maharage.

Basi akagandamiza sabuni ya mche pale penye soketi, ikatoka na umbo lake, akawa kila mwezi anakwenda nayo Geita kupekua mitambo mibovu, akitafuta soketi ya kulingana na umbo hilo, na sisi kuona mgane ananukia sabuni tukajua kapata mwanamke, na aliyelifikisha hilo sokoni ni dada yake Eufrasia, yuko hapa, ameshatubu. Marehemu alipotaniwa alijibu kwamba huyo bibi ana meno matatu tu, na bado hajamwona.

Alimwona tarehe 19 Agosti 2023, Kalangalala, hukohuko Geita, kwa Nestory muuza vyuma chakavu, sabuni ikakaa sawasawa kwenye soketi ya mtambo mbovu, akarudi nayo, akaibadilisha, akapima bati mara tatu, akawasha. Magurudumu yakazunguka, kanda ikatoa shiii tupu mpaka mwisho, kwa maana miaka kumi na miwili aliificha, panya wasiifikie, juu ya sumaku ya spika kubwa, nayo sumaku ikafuta sauti yote, yeye aliyekuwa akiwagombeza wateja kwa kosa hilo hilo. Tangu hapo hakugusa tena redio ya mtu, kila mchana aliiwasha akatega sikio, na Violeth akimwambia, Baba, hamna kitu, alisema subiri, mama yako hukohoa kwanza.

Novemba 2024 figo zilimlaza, na tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji, na mafundi wenzake mliofunga vibanda leo. Mashine tumeizima. Pumzika kwa amani, Mihayo, na ukimkuta Limi anaimba, sikiliza wewe, sisi huku hatuna tena pa kumsikia.