Kitufe Kilichozama

Fundi redio alikuwa hoi kwa uchovu, lakini alipoona kicheza muziki kikuukuu mkononi mwa jirani yake ndani ya basi, mdomo ukamwasha. "Dada, betri hiyo imevimba mpaka kifuniko kimeachama." "Najua," akajibiwa na yule dada, spika zikiwa bado masikioni. "Na kitufe cha kuwashia kimezama. Kisafishe kwa spiriti, ubadilishe betri, kitaimba tu." "Kilikufa mwaka juzi, kaka." Fundi akakitazama tena. "Sasa unasikiliza nini?" Dada akashusha pumzi. "Kazini napokea simu za malalamiko kutwa nzima. Nikivaa hivi, watu hawanisemeshi." "Basi toa betri, isije ikakulipukia," fundi akanong'ona. Basi liliposimama akashuka ili amwache apumzike, ingawa kwake kulikuwa bado mbali.