Mwiko ndani ya ndoo

Kijiwe cha Zabron na wenzake kiko kwenye kona moja ya Tunduma, pale malori yanapongoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde: benchi moja lenye mguu mfupi, na birika la kahawa ya Iyula. Asubuhi hiyo Zabron, ambaye ni fundi viatu, alikuwa na ndoo kati ya magoti, glavu mikononi, akikoroga sabuni ya mkewe. Mkewe, Fides, alishachanganya mawese na kostiki, yale magadi makali yanayounguza ngozi, akapanga vibao vya kumiminia, akaenda stendi kumpokea Mama Atuganile wa kikundi cha kinamama cha Mbozi Mission. Mama huyo alikuwa anakuja kuona kama Fides anafaa kuwafundisha wenzake. Zabron, aliyeunguza maharage wiki iliyopita huku amekaa mbele ya sufuria, aliapa kwamba leo hataiaibisha nyumba.

Maagizo yalikuwa mafupi. Mwiko ukianza kuacha mstari juu ya uji wa sabuni, mimina kwenye vibao. Kuuacha mwiko ndani ni mwiko.

— Mstari huo, Zabron alisema. Namimina.

Forodha, anayeandikia malori karatasi, akamshika mkono.

— Subiri, kaka. Hilo ni lori kati ya mageti mawili. Bongo limetoka, Zambia halijaingia. Ukimimina sasa, umemimina nini?

Zabron akaacha kukoroga ili afikiri, na hapo ndipo alipokosea.

Venance, anayeitwa Nabii kwa sababu kila mwaka hutabiri mvua na kila mwaka hukosea, alisema mafuta hayawi sabuni polepole. Ni kama kuokoka: ipo sekunde moja tu.

— Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Maana yake kibaba kinajaa ghafla.

Forodha alikataa katakata. Kila tone linavuka peke yake, na karatasi zake mkononi.

— Basi lipo tone la mwisho, Nabii alisema. Hilo ndilo linalowageuza wote. Tulikamate, tulitie Ziwa Rukwa, na Ijumaa ziwa zima ni mche mmoja.

— Na samaki? Zabron aliuliza.

— Watavuliwa wameshaoga.

Zabron alifurahi sana. Tangu aanze kushona viatu hajawahi kukaa kwenye mazungumzo mazito namna hii, akajimiminia kahawa ya tatu na kumwomba Nabii arudie habari za tone.

Sauti ya Fides ikasikika nyuma ya lori. Zabron akaukamata mwiko. Haukusogea. Akauvuta juu, na ndoo nzima ikainuka nao.

Walisimama wote kumwamkia mgeni. Mama Atuganile aliitika, akainama, akagonga sabuni kwa ukucha. Zabron alijisikia vibaya kuliko siku ya maharage.

— Imeshika vizuri, mama alisema. Fides, mwanangu, utatufundisha.

Zabron akashusha pumzi. Mama akamgeukia.

— Ila, baba, huo mwiko mtautoaje?

Forodha akahesabu malori. Nabii akalitikisa birika, akakuta kahawa imekwisha. Fides ndiye aliyejibu, kwa upole kabisa.

— Mume wangu atakuja na ndoo yake kwenye somo la kwanza. Mpini si anao.