Dada Wiki Sita na Chupa za Rafu ya Chini

Ndugu waombolezaji, mlioketi na mliokosa viti, familia imemtuma mdogo wake marehemu asome maisha ya dada yake, yule mliyemzoea kwa jina la Wiki Sita, naye atajitahidi sauti isimkatike.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, fundi seremala, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, na mwaka 1983 akahitimu stashahada ya ufundi wa maabara, mwanamke pekee katika darasa la watu kumi na tisa. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo aliajiriwa katika maabara ya hospitali, na mwaka 1994 akahamishiwa maabara ya utafiti wa kifua kikuu, kupima kama mitishamba ya waganga inaweza kuua vijidudu vya ugonjwa huo. Vijidudu hivyo huota polepole mno, kwa hiyo kila aliyeulizia majibu aliambiwa, "Rudi baada ya wiki sita," na jina likamganda. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mpima ardhi, ambaye hadi leo hulalamika kwamba hata posa yake ilisubirishwa, wakajaliwa mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume na wajukuu wanne.

Marehemu aliagiza jambo moja lisirukwe, nalo ni la mwaka 2004.

Mama yao mkubwa alikuwa mganga wa mitishamba, na dawa yake ya kikohozi, gome na mizizi, ilifuatwa na watu kutoka mbali. Maabara ilipoomba kuipima alikubali kwa moyo mweupe, na marehemu akaenda naye kuchimba, akaanika kivulini, akasaga, akaloweka, akachuja. Tarehe 5 Aprili aliitia dawa hiyo kwenye chupa zilizopandwa vijidudu, akazipanga kwenye kabati la joto, na kwenye rafu ya chini akaweka chupa tatu zisizotiwa dawa yoyote, ambazo vijidudu vyake havina budi kuota, la sivyo jaribio zima ni bure.

Tarehe 26 Aprili, wiki tatu tu zikiwa zimepita, alifungua kabati, akaona chupa za dawa ni safi, hakuna kilichoota, na furaha ikamshinda, hakuinama kutazama rafu ya chini. Jioni ile, mezani kwa mama yake, Wiki Sita huyuhuyu akasema, "Chupa za mama mkubwa ni safi kabisa." Mdogo wake, huyu anayewasomea, alikuwapo. Alikuwa na wiki sita tangu aanze vidonge vya kifua kikuu, vidonge vilivyomchoma tumbo, na kesho yake aliviacha kimyakimya, akaanza kunywa dawa ya mama mkubwa.

Tarehe 17 Mei marehemu aliinama. Chupa tatu za chini nazo zilikuwa safi, maana umeme ulipoyumba siku ya kwanza kabati lilichemka, na vijidudu vyote vilikufa mapema. Mkuu wa maabara alikuwa ameshaalika wageni waje kutangaziwa matokeo, akamsogezea karatasi ya majibu, akasema, "Tia saini tu, mengine tutarekebisha mbele ya safari." Marehemu akajibu, "Mzee, vilikufa kwa joto, si kwa dawa. Hata maji ya bomba yangefaulu." Hakutia saini.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mdogo wake, akamkuta amejikunja kitandani, leso mkononi ina damu.

"Vidonge unameza?"

"Vya nini, na wewe mwenyewe ulisema chupa ni safi?"

Marehemu alikaa sakafuni palepale, na sare yake ya kazi. "Nilisema, na nilikosea. Inuka, twende."

Mdogo wake alianza matibabu upya, na makohozi yake yakapelekwa kupimwa kama vijidudu vimekuwa sugu. Kanuni hazikumruhusu marehemu kumpima ndugu yake, kazi ilikuwa ya mwenzake, na kwa wiki kumi alipita mbele ya lile kabati kila siku bila kuligusa, akakonda kuliko mgonjwa. Majibu yalitoka tarehe 27 Julai, vidonge vilikuwa bado vinafaa.

Jaribio liliporudiwa, vijidudu viliota ndani ya dawa kama makombo ya mkate, na marehemu akaenda mwenyewe kumwambia mama mkubwa, ambaye alisema, "Umenivua nguo mbele ya watu," asizungumze naye miezi kumi na minne. Kisha asubuhi moja alitokea kliniki amemshika mkono mtu anayekohoa, akasema bila salamu, "Huyu si wangu, ni wenu."

Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2021, akiwa amepima mimea arobaini na mmoja, miwili kati yake ingali inachunguzwa. Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2022, akalazwa tarehe 2 Juni 2023, na akatutoka Ijumaa tarehe 9 Juni, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Siku moja kabla alimwambia mdogo wake, "Msibani watu hugeuzwa malaika. Mimi usinigeuze. Soma kwamba nilikosea, na mtu nusura afe." Mdogo wake akamjibu, "Basi nitasoma pia kwamba hakufa." Akacheka, hadi muuguzi akaja kutugombeza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliopika na kulala nasi, na wenzake wa maabara, hasa yule aliyepima makohozi yale akakataa kumdokezea lolote hadi siku ya majibu ilipofika.

Dada, nimesoma yote. Pumzika kwa amani.