Bwana Mbaruku Chinguile na Maili Iliyopungua

Pa! Mlio wa mbao mbili za mninga zikigonganishwa ninao masikioni tangu nikiwa mwanafunzi. Nachingwea haikuwa na bastola ya kuanzishia mbio. Ilikuwa na Bwana Mbaruku Chinguile na mbao zake. Tarehe 30 Juni 1959 anastaafu, baada ya miaka ishirini na minane serikalini, kumi na miwili ya mwisho akiwa karani wa michezo wa Nachingwea na Ruangwa.

Alipima mbio na kupeleka matokeo Dar es Salaam, kwenye chama cha riadha cha nchi nzima. Chama ndicho kinachochagua timu na kuwasafirisha wanaokwenda kushindana nje. Kijana wa Nambilanje hakimwoni akikimbia. Kinaona karatasi tu, na saini ya aliyeshika saa.

Machi 1955 Agapiti wa Chiola alikimbia maili kwa muda wa kushangaza. Chama kikamweka kwenye timu ya kwenda kushindana Kampala, na koti la timu likaja kwa gari la moshi. Mei, Bwana Mbaruku akaanika kamba ya katani aliyopimia uwanja siku za mvua, akailinganisha na mnyororo wa wapima ardhi. Ilipokauka ilirefuka, ikalingana na mnyororo. Katani ikilowa hufupika. Kumbe kila mzunguko ulipungua yadi tisa.

Wenzake ofisini walimwambia, "Mbaruku, kamba haina mdomo. Wewe wako wa nini?" Siku hiyohiyo akaandika kwa chama matokeo yafutwe, kisha akapanda baiskeli hadi Chiola.

"Kwa hiyo, mzee, mimi niliishinda kamba?" Agapiti aliuliza, akalivua koti.

Chama kikaleta mpima muda wake, na uwanja ukapimwa upya. Agapiti alikimbia tena, akakosa nafasi kwa sekunde mbili. Sokoni Bwana Mbaruku akaitwa Mzee Kamba, naye akaitika. Mwaka 1957 Agapiti alikwenda Kampala, na karatasi zetu hazijahojiwa tena.

Mzee wetu, ahsante. Mikorosho yako ya Mbwemkuru izae mpaka matawi yainame, nawe uwe na afya ya kuziokota korosho zake.

Chama hakipokei matokeo bila saini ya mpima muda mwenye cheti, na hapa mwenye cheti hicho alikuwa Bwana Mbaruku peke yake. Majaribio ya timu ni Agosti. Wapo waliosema mimi, msaidizi wake, ningoje mwanamume mzoefu kutoka Lindi. Jumanne iliyopita nilikwenda Mtwara, nikafanya mtihani wa wapima muda, nikafaulu. Fomu za wakimbiaji wetu kumi na mmoja nimekwisha kuzitia posta, zikiwa na saini yangu.