Mzee Hezekia na Kamera Iliyolala Kwenye Unga

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Hezekia Magoiga atafunga stoo yetu ya Tarime kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo. Atakuwa ametimiza umri wa miaka sitini, na miaka ishirini na saba na miezi mitano ya kulitumikia Daftari la Picha za Mifugo. Nimeombwa niandike habari zake kwenye jarida letu kwa sababu tumekaa ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na minne. Nimekubali, ila naonya mapema: kuna sehemu inayonihusu mimi Winfrida, na hainipi sifa hata kidogo.

Alizaliwa Kisaka, wilaya ya Serengeti, mwaka 1965. Baba yake alikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja. Mwaka 1997 waliibwa wote. Kumi na wawili walionekana baadaye kwenye zizi la mtu mwingine, chapa mpya zimechomwa juu ya zile za zamani, na baba yule hakuwa na chochote cha kuonyesha kwamba ni wake. Familia haikufuga tena. Mwaka uliofuata mradi wetu ulitangaza nafasi ya mtunza stoo, Hezekia akaomba, akapata. Yeye mwenyewe hajawahi kuvieleza vitu hivyo viwili kwa pumzi moja. Aliyetuambia ni mkewe, Mama Ester.

Kwa wageni wa sherehe ya kumuaga ambao hawaijui kazi yetu, ni hivi. Tunapita kijiji kwa kijiji, kila ng'ombe anapigwa picha upande wa kulia na wa kushoto, mwenye ng'ombe ameshika kamba. Chapa inachomwa upya, sikio linakatwa upya, lakini mabaka ya ngozi hakuna mwizi aliyewahi kuyahamisha. Ng'ombe akiibwa, picha ndiyo shahidi.

Zamani tulitumia kamera za filamu. Mwaka 2008 zikaja kamera ndogo za dijitali, ishirini, kila moja ukubwa wa kipande cha sabuni. Tulizifurahia mno. Baada ya miezi sita kumi na moja zilikuwa zimelala kwenye boksi zikiitwa mbovu, na fundi wa mjini aliyeulizwa alijibu kwa simu kwamba tununue nyingine. Mzee Hezekia, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika vitu vinavyoingia na kutoka stoo, alilichukua lile boksi akalisogeza karibu na dirisha lake. Hakuna aliyemtuma.

Katika zile kumi na moja, zilizokufa kweli zilikuwa mbili. Tatu betri zake zilikuwa zimewekwa kichwa chini miguu juu. Nne vidole vya shaba vinavyogusana na betri vilikuwa na uchafu, akavisugua kwa ufutio wa penseli wa mtoto wa shule, zikawaka. Moja ilikuwa inakataa kuhifadhi picha kwa sababu kile kitufe kidogo ubavuni mwa kadi kilikuwa kimesukumwa upande wa kufunga. Ya mwisho, mwenzetu mmoja wa Kewanja alikuwa amerudi nayo baada ya wiki nzima ya kazi na ng'ombe mia moja na arobaini, wote ukungu mtupu, ila nzi waliotua kwenye lenzi walionekana mpaka miguu. Fundi wa mjini alikuwa amesema kioo kimepinda. Mzee Hezekia akaigeuza, akaona alama ya ua imewashwa, ile ya kupigia vitu vya karibu sana. Akaizima. Yule mwenzetu wa Kewanja hadi leo akipita hapa tunamuuliza maua yake yanaendeleaje.

Basi kuanzia hapo akawa daktari wa kamera. Ukimpelekea kamera, kwanza ilikuwa lazima umsalimie vizuri, shikamoo yake aipate, halafu akuulize ulifanya nini. Sote tulijibu kwamba hatukufanya kitu. Alikutazama tu, mpaka unajikuta unaeleza mwenyewe kwamba uliifuta lenzi kwa shati lenye vumbi, au uliiacha kwenye dashibodi ya gari juani. Neno "imeharibika" alilikataa kabisa. "Mura, haijafa hiyo, imekasirika," ndivyo alivyokuwa akimwambia kila kijana, na kamera ikikasirika dawa yake ya kwanza ni kutoa betri, kusubiri, na kuacha kiherehere. Mwaka 2009 alipata somo lake mwenyewe: aligusa kondensa ya flashi, kile kipande kinachotunza umeme, ndani ya kamera aliyodhani haina umeme, ikamrusha kutoka kwenye stuli. Kesho yake alikuja na bisibisi yenye mpini wa mpira.

Sasa niseme habari ya unga.

Ilikuwa Aprili 2016, mvua za masika. Godwin Nchagwa, afisa wetu wa vijijini, alikwenda Gorong'a siku ya Jumatatu kupiga picha. Hakuwa na kadi ya kumbukumbu. Kadi ilikuwa imebaki kwenye kompyuta yangu, nilikuwa nahamisha picha nikaisahau, nikamkabidhi kamera tupu. Haya, nimesema. Kamera hizi zina nafasi kidogo ndani yake zenyewe, picha kama kumi hivi, kwa hiyo Godwin aliendelea mpaka ikajaa. Ng'ombe wa mwisho kuingia alikuwa wa Mama Rhobi, mjane, na alikuwa ng'ombe wake pekee: mweupe, baka jeusi limezunguka jicho la kushoto na kushuka hadi shavuni. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakilea nyumba ile.

Wakati wa kurudi, pikipiki iliteleza kwenye kijito, Godwin akalowa, kamera ikalowa zaidi. Alirudi kulala kwa watu waliomkaribisha kijijini. Alikuwa amesikia kwamba simu ikilowa inafukiwa kwenye mchele. Nyumba ile hawakuwa na mchele. Wakashauriana, wakaona nafaka ni nafaka, wakaifukia kamera kwenye debe la unga wa mtama na muhogo. Ikakaa humo siku mbili! Jumatano alipoiweka mezani kwa Mzee Hezekia, lenzi ilikuwa imetoka nusu na kukwama, na kwenye kila upenyo palikuwa na kitu ambacho ukikipatia moto kingekuwa ugali. Kwa mara ya kwanza mzee hakuuliza mtu alifanya nini.

Usiku wa Jumatano hiyohiyo ng'ombe wa Mama Rhobi akaibwa. Ijumaa akaonekana kwenye mnada, na mtu aliyekuwa naye akasema ni wake, anamfuga tangu ndama, na ana watu wa kumshuhudia. Viongozi wa kijiji wakamshikilia ng'ombe, wakatoa muda: Jumatatu saa sita mchana, Mama Rhobi alete uthibitisho, asipoleta mtu yule aondoke na ng'ombe. Mama akaja mbio ofisini kutuomba picha. Nilifungua kompyuta. Picha haikuwepo. Ilikuwa ndani ya kamera ya unga, na mahali pengine popote duniani haikuwepo.

Kufikia hapo mzee alikuwa ameshaifungua. Skrubu zake ndogo alizipanga juu ya karatasi aliyochora kamera, kila moja mahali pake. Unga aliutoa kwa mswaki mkavu, kisha kwa pamba yenye spiriti, kipande kwa kipande. Halafu akaviweka vyote kwenye sinia, akafunika kwa kitambaa cha chandarua, akasogeza kivulini karibu na dirisha, akasema vikauke mpaka Jumatatu asubuhi.

Jamani, tulimsumbua. Godwin alitaka tuipeleke saluni ipulizwe na mashine ya kukaushia nywele. Mimi nilisema tuiweke juu ya jiko la mkaa, kwa mbali. Mkuu wetu wa ofisi, Mama Agustina, alimwamuru Jumamosi aiwashe ili tujue moja. Mzee Hezekia hajawahi kukataa amri, wala kabla wala baadaye, lakini siku hiyo alikataa. Alieleza kwa upole kwamba kamera iliyolowa inaweza kusamehe maji, ila umeme ukipita kwenye maji hayo inaungua, na picha inaondoka nayo. Akaliingiza sinia kabatini, akafunga, ufunguo akautia mfuko wa shati.

Mama Rhobi hakumsumbua. Alikaa kwenye benchi letu Ijumaa, akaja tena Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada, ofisi imefungwa, alikuwa palepale. Mzee naye alikuja Jumapili, akakaa upande wa pili wa benchi. Sijui waliongea nini. Najua tu kwamba ndiyo siku aliyomweleza habari za zizi la baba yake Kisaka, kwa sababu mama huyo alikuja kuzitaja miaka baadaye.

Jumatatu saa mbili asubuhi kamera ilikuwa imeshaunganishwa tena, betri mpya ndani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mzee na nakiri nilikuwa ninalia. Mtu mwingine yeyote angebonyeza kitufe cha kuwashia. Lenzi ingejaribu kutoka, ingekwama, kamera ingeandika hitilafu na kujizima. Mzee alijua kwamba kutazama picha hakuhitaji lenzi itoke. Akabonyeza kile kitufe chenye mshale wa kuonyeshea picha, akakishikilia. Kioo kikabaki cheusi. Akakiachia, akahesabu hadi ishirini kwa sauti, mimi nikitamani kumnyang'anya, akabonyeza tena.

Kikawaka. Picha ya kumi: Mama Rhobi na kamba, na ng'ombe mweupe mwenye jicho lililozungushiwa baka.

Tulichapa nakala mbili, Godwin akaziweka kifuani ndani ya mfuko wa nailoni, akampakia mama, pikipiki ikaondoka. Walifika saa tano na robo. Yule mtu aliitazama picha, akamtazama ng'ombe, akaomba maji ya kunywa, na walipokwenda kumletea hakuonekana tena. Ng'ombe alirudi Gorong'a jioni ileile. Kamera yenyewe haikupiga picha nyingine tena. Iko stoo, rafu ya juu, na ukiitikisa unga bado unadondoka.

Wiki iliyofuata Mama Rhobi alikuja kusema kwamba ndama aliye tumboni mwa ng'ombe yule, akiwa jike, ni wa Mzee Hezekia. Mzee alimshukuru, akamsomea Kanuni ya Kumi na Moja, inayotukataza kupokea zawadi kutoka kwa watu tunaowahudumia. Mama akauliza kanuni hiyo inamfunga mpaka lini. Akajibiwa mpaka atakapostaafu, Juni 2025. Akasema sawa, akaaga. Sisi tuliyasahau hayo kabla ya chai ya saa nne.

Mengine nitayapita haraka, maana mhariri amenipa nafasi ndogo. Amefufua kamera mara mia mbili na tisa, zote zimeandikwa kwenye daftari lake kwa mwandiko unaosomeka. Amemfundisha Godwin kazi hiyo kwa miaka tisa, akianza na adhabu ya kupepeta unga. Simu zimekuja, na wengi walituambia tuzitupe kamera, lakini kamera zake bado zinakwenda vijijini kila Jumatatu, kwa sababu kamera haipigiwi simu wakati ng'ombe ndiyo kwanza amekaa sawa. Na kuna kasoro yake moja niitaje, wasifu usiwe wa uongo: haazimishi bisibisi. Hata kwa Mama Agustina. Hata kwa dakika mbili.

Toleo hili lilikuwa tayari kwenda kuchapwa Jumanne iliyopita pale gari dogo la mizigo liliposimama mbele ya ofisi. Akashuka Mama Rhobi, sasa nywele nyeupe, na nyuma yake akashushwa mtamba wa miaka miwili, mweupe, baka jeusi limezunguka jicho la kushoto. Ni mjukuu wa yule, aliyezaliwa na ndama wa ahadi. Mama akamsalimia kila mtu, akaketi kwenye benchi lake, akasema amekuja mapema kidogo ili asichelewe.

Mzee Hezekia alitoka stoo, akasimama mlangoni. Alitaja Kanuni ya Kumi na Moja, lakini macho yalikuwa kwenye lile baka. Mama Agustina akaenda kuisoma kanuni mara mbili, akarudi na uamuzi: mtamba atalala uani kwetu mpaka asubuhi ya tarehe mosi Julai, ndipo makabidhiano yafanyike, ila kushika kamba si kupokea. Mama Rhobi akasema kwamba aliyengoja miaka tisa hashindwi na siku saba.

Kwa hiyo picha mnayoiona mbele ya jarida hili ndiyo hiyo: mzee na mtamba, kamba mkononi. Tulikuwa tumetafuta picha ya mzee kwa wiki mbili bila kuipata, maana siku zote yeye alikuwa upande wa pili wa kamera. Hii ameipiga Godwin, na kabla ya kubonyeza aliangalia mara tatu kama ua limezimwa. Mkitazama vizuri mtaona mzee amekunja mdomo. Alikuwa anajizuia kulia, na hakufaulu.

Mzee wetu, asante kwa kila kamera uliyotukatalia kuizika, na asante kwa kuutia ule ufunguo mfukoni wakati sote tulipokuwa tumepoteza akili. Nenda Kisaka salama wewe na Mama Ester. Maisha yawe mema, majani yawe mengi, na ndama wa kwanza tutakuja kumpiga picha sisi wenyewe, kulia na kushoto, kadi ikiwa ndani. Ukurasa umeshafunguliwa kwenye daftari. Kijiji: Kisaka. Idadi ya ng'ombe: mmoja. Mwenye ng'ombe: Hezekia Magoiga.